Kaka wa Herning anasema "hede" haioti kitu: tununue nyumba Hedehusene au tuachane nayo?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, niko Denmark mwaka wa sita sasa na mume wangu na watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 5. Tumechoka kupanga Copenhagen, tumepata nyumba ya kununua Hedehusene, ya matofali, ya miaka ya 60, ina kælder (chumba cha chini ya ardhi) na bustani nzuri tu, na ukitembea stesheni ni dakika 8. Sasa kaka yangu anaishi Herning kule Jutland, nilipomwambia akacheka, akasema Hedehusene maana yake nyumba za kwenye hede, na hede ni ardhi iliyokufa, haioti kitu zaidi ya vichaka, mtalima nini pale. Mimi nilitaka nilime mboga zangu, mchicha, maboga, sukuma. Halafu nikafungua ramani nikaona pembeni ya mji kuna mashimo makubwa na maziwa, jirani hapa akaniambia ni machimbo ya kokoto, nikaogopa watoto watazama au nyumba itatitia. Na wakala wa nyumba anasema usafiri ni rahisi, tuko kwenye reli, ila mwenzangu kazini anasema S-tog, zile treni za mjini za Copenhagen, haifiki huko. Mume wangu ana haraka ya kusaini, mimi roho inasita. Nisaidie."

Marahaba dada, na pole na presha ya mume mwenye haraka, hiyo naijua. Kazi yangu ni udongo na maji ya chini ya ardhi, na Hedehusene naifahamu kwa sababu nilipokuwa nasoma chuo cha Roskilde nilikuwa nakaa Trekroner, stesheni moja tu kutoka hapo, Jumapili nyingi nimezimaliza kwenye hayo mashimo yanayokutisha, na buti zangu zimejaa tope lake. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Nianze na kaka. Kaka hajakudanganya, ila anaongelea ardhi nyingine. Denmark neno hede limebeba vitu viwili tofauti na hata Wadenmark wenyewe wengine hawajui. Kule kwake Herning hede ni hede kweli. Zamani za barafu, miaka kama elfu ishirini iliyopita, barafu nene ilifunika Sjælland, kisiwa chenye Copenhagen, na visiwa vyote na nusu ya Jutland, ikaja ikasimama katikati ya Jutland hapo, haikuendelea tena. Magharibi ya mstari huo ambako barafu haikufika ndo maji ya kuyeyuka yalikuwa yakitiririka mwaka hadi mwaka yakimwaga mchanga, mchanga mtupu uliooshwa. Na mchanga hauna mkono wa kushika chakula cha mmea, mvua inanyesha inashuka nacho chini, na ile chuma na mboji iliyoshuka inagandamana huko chini inakuwa tabaka gumu la rangi ya kahawia, wao wanaliita al, gumu mpaka mizizi inagonga na kurudi. Juu yake kinachokubali kukaa ni lyng, kichaka kifupi cha maua ya zambarau. Wewe mtu wa Moshi unakijua bila kujua, ukipanda mlima kwa njia ya Marangu, ukitoka Mandara kwenda Horombo, msitu unakatika unaingia kwenye vichaka vya majani madogo madogo kama sindano, basi ule ni ukoo mmoja na lyng ya kaka yako.

Hiyo hede ya Jutland ilikuwa inawatesa watu kweli. Denmark ilipopigwa vita vya 1864 ikapoteza majimbo yake ya kusini, Slesvig na Holsten, wakasema tulichopoteza nje tukitafute ndani, mwaka 1866 bwana mmoja Enrico Dalgas na wenzake wakaanzisha Hedeselskabet, chama cha kufufua hede, wakavunja lile tabaka la al, wakapanda misonobari, wakaleta chokaa na maji. Kwa hiyo shamba lolote kaka analoliona Herning leo lina jasho la watu nyuma yake, ndo maana kule neno hede bado linasikika kama umaskini.

Sasa njoo Sjælland. Heden ya Sjælland ni ile tambarare yote kati ya Copenhagen, Roskilde na Køge, na pale neno halina maana ya udongo mbovu, maana yake ni uwanda, sehemu iliyo wazi, tupu, haina miti, jicho linakwenda mpaka linachoka. Hapa barafu ilifika na ikalala na ilipoondoka iliacha mfinyanzi uliosagwa pamoja na chokaa na mawe, na huo ni udongo wa ngano, udongo mzuri kuliko mwingi utakaoupata Denmark. Wakulima wa Heden hawakuwa maskini hata kidogo. Tena wanawake wao walikuwa na nafasi na kitani cha kutosha mpaka wakaanzisha darizi yao wenyewe, hedebosyning, nyeupe juu ya nyeupe, wanavuta nyuzi, wanakata vitundu wanavizungushia uzi, ukiiona karibu utafikiri umeshika kofia ya viua ya Zanzibar ila imetandazwa kuwa kola ya shati au mto wa kitanda. Jumba la makumbusho la Greve wanazo nyingi, ukihamia huko nenda kaangalie, na kaka akija kutembea mpeleke na yeye, umuulize kama kazi ile imefanywa na watu wa ardhi iliyokufa.

Kwa hiyo Hedehusene maana yake kweli ni nyumba za kwenye Heden, nyumba zilizokuwa kando ya barabara ya zamani ya kutoka Copenhagen kwenda Roskilde. Pangebaki hivyo hivyo nyumba chache na shamba kama si reli. Mwaka 1847 walifungua reli ya Copenhagen hadi Roskilde, ya kwanza kabisa kwenye Denmark ya leo (ile ya Altona kwenda Kiel ya 1844 ilikuwa chini ya mfalme huyo huyo ila sasa iko Ujerumani), na Hedehusene ikapewa stesheni tangu siku hiyo ya kwanza. Mji umejipanga kufuata stesheni, kwanza mkulima analeta nafaka, halafu kiwanda cha matofali, halafu kokoto, halafu watu wa kokoto wanahitaji nyumba na duka na kanisa. Na mwaka 1937 kampuni iliyokuwa ya kokoto na matofali ikaanza hapo kutengeneza sufu ya mawe, wanayeyusha jiwe mpaka linakuwa kama uji wa moto halafu wanalizungusha linatoka nyuzi nyuzi kama pamba, ndo hiyo Rockwool unayoona mafundi wanaijaza kwenye kuta dunia nzima, na makao makuu mpaka leo yako Hedehusene. Nakwambia hivi siyo kwa kusifia mji, nakwambia kwa sababu historia hiyo ya viwanda na mashimo ndiyo inayotakiwa ikuulizishe maswali, siyo jina.

Maana hapo ndo penyewe dada. Ulichouliza kuhusu kutitia kina mantiki, ila hofu umeielekeza kwenye kitu sicho. Chini ya ule mfinyanzi mzuri, Hedehusene na kusini yake kuna kokoto na mchanga mwingi sana uliomwagwa na mito ya barafu kabla mfinyanzi haujaja juu, na ndo maana wamechimba zaidi ya miaka mia, sehemu kubwa ya Copenhagen imejengwa na kokoto ya pale. Sasa shimo lililo wazi kilomita mbili kutoka kwako haliwezi kuvuta nyumba yako, kokoto haitembei hivyo, siyo kama bomoko la mto. Na kokoto yenyewe kama msingi wa nyumba ni kitu kizuri ajabu, inabeba uzito, maji yanapita, haivimbi haisinyai. Nyumba iliyokaa juu ya kokoto ambayo haijaguswa lala usingizi.

Shida ni shimo ambalo hulioni. Zamani, kabla sheria hazijakaza, shimo dogo la mfinyanzi au kokoto likiisha kazi watu walikuwa wanalijaza na chochote, udongo, matofali yaliyovunjika, majivu, takataka za mjini, halafu wanasawazisha, miaka inapita, nyasi zinaota, mwisho kinajengwa kitu juu. Udongo wa kujaza unakaa ukijishindilia taratibu miaka na miaka, upande mmoja wa nyumba unashuka sentimita moja, mwingine haushuki, ukuta unapasuka. Na pili, humo ndani kunaweza kuwa na lami, risasi, mafuta, vitu usivyotaka karibu na mchicha. Sisemi nyumba yenu iko hivyo, nyumba nyingi za pale haziko hivyo. Ila ni kitu cha kukagua siyo cha kubahatisha, na uzuri wa Denmark ni kwamba unaweza kukikagua ukiwa umekaa na simu yako.

Mikoa, yaani regioni, inaweka rejista ya ardhi yenye uchafu. Kiwanja kinachoshukiwa kwa sababu ya kazi iliyowahi kufanyika hapo kinawekwa V1, kile ambacho wamechimba wakakuta uchafu kweli kinawekwa V2. Ukiandika anwani ya nyumba kwenye mtandao unapata jordforureningsattest bure, karatasi inayosema kiwanja kiko wapi kwenye hayo. Hedehusene ni ya manispaa ya Høje-Taastrup, kwa hiyo regioni yako ni ya Hovedstaden. Usishtuke ukiona neno områdeklassificeret, hilo tangu 2008 limewekwa karibu kila sehemu ya mji Denmark, maana yake tu kwamba ardhi ya mjini inahesabiwa kuwa imechafuka kidogo kwa moshi wa magari na majivu ya miaka yote. V2 ndo usaini kwa akili, na hapo usiniulize mimi, mpigie mtu wa ardhi wa regioni akueleze walikuta nini na kina ngapi, maana V2 ya tanki la mafuta lililoshatolewa siyo sawa na V2 ya dampo. Halafu waombe manispaa ramani na picha za zamani za angani, Denmark wanazo nyingi, uangalie kiwanja chako kabla nyumba haijajengwa kilikuwa nini. Mimi hiyo ndo ya kwanza kufungua siku zote, napenda kuliko kusoma ripoti, unaona shamba, shamba, shamba, halafu ghafla kishimo cheupe pembeni ya reli.

Na ukienda kuangalia nyumba, mwache mume aongee na wakala kuhusu jiko, wewe zunguka nje. Angalia kona za madirisha na za milango. Ufa mwembamba kama unywele wa kwenda chini moja kwa moja kwenye plasta, huo ni plasta imekauka tu. Ufa wa kutishia ni ule unaotoka kona ya dirisha unapanda ulalo kama ngazi ukifuata saruji katikati ya matofali, na juu ni mpana kuliko chini, kiasi ukisimamisha sarafu ya kroni moja inaingia. Huo unasema upande mmoja umeshuka. Kisha shuka kælder, usiangalie rangi maana rangi ya jana haina ushahidi, nusa. Inama weka kiganja chini kabisa ya ukuta pale unapokutana na sakafu. Ukikuta unga mweupe kama chumvi, maji yanapita pale. Kwenye Heden hii inatokea kwa sababu mfinyanzi wa juu hauachii maji kwa haraka, mvua kubwa ya kiangazi inakaa juu inatafuta ukuta wako. Haiui nyumba, ila inagharimu, na mnatakiwa mjue kabla ya bei kukubalika siyo baada.

Mashimo yaliyo wazi sasa, na watoto. Eneo hilo kusini ya mji linaitwa Hedeland, karibu hekta 1,500, tangu mwishoni mwa miaka ya 70 manispaa za Høje-Taastrup, Greve na Roskilde zimekuwa zikiligeuza machimbo kuwa sehemu ya watu kutembea, kipande kimeisha kuchimbwa wanakipanda miti au wanakiacha kijae maji, kipande cha pili bado malori yanapakia. Ni sehemu ya ajabu kidogo, kuna shamba la mizabibu, kuna mteremko wa kuskii Denmark nchi isiyo na mlima, kuna ukumbi wa wazi uliochimbwa kwenye mteremko wa shimo ambako kiangazi wanaimba opera, na kuna kireli cha milimita 700 upana wa njia, kama vile vilivyokuwa vikibeba kokoto, wanaojitolea wanakiendesha na wanabeba watoto. Huyo wa miaka 5 mtamtoa pale kwa ugomvi.

Ila maji usiyachukulie kama ziwa la kawaida. Ziwa la machimbo halina ufukwe wa kushuka taratibu, hatua mbili maji ya goti, ya tatu hakuna chini. Kingo zake ni changarawe iliyolegea, mtu mzima anasimama ukingoni kipande kinateleza naye. Na kwa kuwa maji yanatoka chini ya ardhi, juu kwenye jua yanakuwa vuguvugu na mita mbili chini ni baridi ya kukata pumzi, hata mtu anayejua kuogelea mwili unakakamaa. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe moja, tunaogelea panaporuhusiwa tu, na sehemu yenye uzio na malori haiingiwi hata Jumapili ikiwa kimya. Wa miaka 9 mpeleke mafunzo ya kuogelea msimu huu huu. Hilo ningekwambia hata ungehamia Køge.

Usafiri. Mwenzako wa kazini yuko sahihi, na wakala pia hajasema uongo, amesema nusu. S-tog inaishia Høje Taastrup, tangu 1986, Hedehusene iko mbele ya hapo na inahudumiwa na treni za mkoa, zile za kwenda Roskilde na kuendelea. Mazungumzo ya kupeleka S-tog mpaka Roskilde yamekuwepo miaka na miaka, nunua nyumba kama vile haitakuja kabisa. Je ni vibaya? Mimi naona hapana kwa mtu anayefanya kazi katikati ya Copenhagen au Roskilde, maana treni ya mkoa haisimami kila kichochoro, mpaka København H, stesheni kuu ya Copenhagen, ni dakika ishirini na kitu na Roskilde hata chai haijapoa umefika, tiketi ni zile zile. Ubaya wake ni kwamba ukiikosa moja hakuna nyingine mgongoni mwake kama S-tog, na reli ikiharibika hapo umekwama na kila mtu wa magharibi. Kama kazi yako ni ya zamu za usiku, kabla hujasaini kaa ufungue ratiba ya saa kumi alfajiri na ya saa sita usiku, siyo ya saa mbili asubuhi ambayo wakala amekuonyesha.

Kelele pia uliza. Dakika 8 za kutembea zinaweza kuwa mita mia sita mbali na reli au zinaweza kuwa mita hamsini ila stesheni iko pembeni huko. Denmark kiwango wanachopendekeza kwa makazi ni desibeli 64 kwa reli na 58 kwa barabara, na ramani za kelele ziko wazi mtandaoni, weka anwani uangalie rangi. Treni za abiria mtazizoea ndani ya mwezi. Zinazoamsha watu ni za mizigo, maana tangu reli ya kuvuka Storebælt ya 1997 na daraja la Øresund la 2000 mizigo ya Sweden kwenda Ujerumani ilianza kupita hapo hapo kwenye reli ya 1847, na inapenda usiku. Treni za haraka nyingine zilihamia reli mpya inayopita Køge iliyofunguliwa 2019, za mizigo uliza zinapita ipi sasa. Nendeni siku moja usiku, pakini gari mbele ya nyumba, zimeni injini, kaeni nusu saa. Itawasaidia kuliko ramani.

Haya, mboga. Nimeiacha nyuma kwa sababu hapo sina wasiwasi na wewe ukiwa mtu wa Moshi. Chukua udongo wa bustani kiganjani, lowesha kidogo, uviringe kama unasokota ukili. Ukikatika katika hautaki kushikana, ni mchanga, labda mtu alijaza. Ukikubali kuwa kamba nyembamba na ukaipinda bila kukatika, hongera, ndo mfinyanzi wa Heden wenyewe, utaulisha mboji na utakulisha miaka. Adui wako pale siyo udongo, ni upepo, ile tambarare haina kitu cha kuuzuia kutoka Roskilde mpaka kwako, ndo maana kila bustani ya pale ina ua mrefu wa miti ya bøg au tjørn, usiukate kwa kutaka mwanga, utajuta.

Sukuma itakuzidi, kwa sababu grønkål yao ni ndugu yake kabisa, inakula baridi inakuwa tamu zaidi. Maboga yanakwenda vizuri ukianzia miche ndani ya nyumba dirishani kuanzia mwezi wa nne. Mchicha ndo mdekaji, unataka joto, usiupande nje kabla ya nusu ya pili ya mwezi wa tano maana umande wa barafu unakuja usiku mmoja unamaliza kila kitu, ila ukishapita hapo, mwezi wa sita jua linakaa juu zaidi ya saa 17, utakuwa unavuna huku majirani wanauliza hayo majani ni nini. Ukiweza kibanda cha vioo weka mapema. Na kwa kuwa ni mjini na hujajua bado rejista inasema nini, mwaka wa kwanza panda kwenye masanduku yaliyoinuliwa yenye udongo wa kununua, osha mboga vizuri, karoti na viazi vimenye, watoto wanawe mikono. Kwa ardhi ya områdeklassificeret hilo linatosha kabisa. Kama cheti kimesema V2, usipande chakula ardhini mpaka sampuli ipimwe maabara, hapo hakuna mjadala. Maji ya bomba usiyaogope, Denmark karibu yote wanakunywa maji ya chini ya ardhi, ila ni magumu, birika litavaa ganda jeupe la chokaa kwa sababu chini ya kokoto ni mwamba wa chokaa, siki inalitoa.

Kuhusu kusaini, na hili msomee mume. Muuzaji anatakiwa awape tilstandsrapport, ripoti ya mkaguzi wa majengo, na ile ya umeme. Kasoro zimepewa rangi, nyekundu ni hatari, njano ni kubwa, kijivu ni ndogo. Isomeni yote, siyo ukurasa wa kwanza. Ila jueni isichosema, haisemi kama udongo umechafuka, haisemi kelele, haisemi kilichokuwa hapo kabla ya nyumba. Muuzaji anatakiwa pia kujitolea nusu ya gharama ya ejerskifteforsikring, bima ya kasoro zilizojificha, nyumba ya miaka ya 60 yenye kælder mimi nisingeikataa. Makubaliano yawe na advokatforbehold, yaani wakili wenu aweze kuyafuta ndani ya siku mlizoandikiana, tafuteni wakili wa nyumba wenu wenyewe, siyo wa kuelekezwa na wakala, wakala analipwa na muuzaji. Na hata mkiwa mmeshasaini sheria inawapa siku 6 za kazi za kubadili mawazo kwa kulipa asilimia 1 ya bei, hela inauma lakini inauma mara moja. Kama mnakaa Denmark kihalali na makazi yenu ni hapo, kununua hakuhitaji kibali maalum, ila wakili aangalie aina ya karatasi zenu za ukaazi, maana benki nayo itaangalia.

Wakati wa kumleta mtu na kumlipa aje kwa miguu yake ni huu: ufa wa ngazi kama nilivyoeleza, milango inayojifunga au kukwama yenyewe upande mmoja wa nyumba, picha ya zamani ikionyesha shimo kwenye kiwanja chenu au cha jirani, au V2. Hapo unamtaka mhandisi wa udongo mwenye kutoboa, siyo fundi rafiki, anatoboa mashimo mawili matatu anakwambia kuna mita ngapi za kujaza mpaka ardhi asilia. Ikitoka ni kujaza mita tatu na nyumba haina nguzo za chini, mimi ningetoka mapema bila kuaga. Ikitoka ni mfinyanzi nusu mita halafu kokoto, mwite mume na kalamu yake.

Na kuna kitu kimoja sijakuuliza. Upande wa kusini wa reli wanajenga mtaa mpya mzima, NærHeden, nyumba kama 3,000 zikikamilika, kwa mji mdogo kama ule hilo ni jambo kubwa, shule mpya, duka, watu wengi wageni kama nyinyi, na pia miaka ya malori na vumbi. Kama nyumba yenu inatazama huko muulize wakala ni kipi kitajengwa mbele ya dirisha na lini, umwambie akuonyeshe lokalplan, mpango wa ujenzi wa mtaa, yenyewe kwenye karatasi. Ukishaipata, na cheti cha udongo, nitumie vyote pamoja na picha ya hiyo kona ya dirisha, na sarafu ikiwa imesimama kwenye ufa kama ufa upo.